Habari za Maji, Vyoo na Ndoo Katika Kambi za Wakimbizi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa watumishi wa hiari, katika siku za Yubile)



Nimeombwa niseme habari za watu waliojitolea kuwahudumia wakimbizi makambini. Ni heshima kubwa kwangu, walakini nimeipokea kwa hofu kidogo. Kwa maana katika sikukuu kama hii watu hupenda kusikia mambo yaliyofaulu, na mimi sehemu kubwa ya niliyojifunza nimejifunza kwa makosa. Basi nawaomba mnivumilie. Sitasema habari za wakubwa waliotutembelea, wala za hotuba zilizosomwa. Nitasema habari za maji, vyoo na ndoo. Ni mambo madogo machoni pa watu, lakini kambini hayo ndiyo yaamuayo nani ataishi na nani atazikwa.

Wengi wenu hamjazaliwa mwaka 1994. Tarehe 6 Aprili mwaka ule ndege iliyomchukua Rais wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Kwa muda wa siku mia moja hivi watu mamia ya maelfu waliuawa, na mto Kagera ukachukua maiti hata zikaonekana katika Ziwa Viktoria. Jeshi la Rwandan Patriotic Front lilipokuwa likisonga mbele upande wa mashariki ya nchi, watu wa upande ule, wengi wao Wahutu, walikimbia kuja kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya ya Ngara.

Mimi wakati ule nilikuwa mwalimu kijana. Nilikwenda na wenzangu kumi na mmoja, tukiwa na majembe, makoleo mawili na bidii nyingi. Tulipofika juu ya kilima tukatazama chini, hatukuweza kusema neno. Moshi wa meko ulikuwa umefunika bonde lote. Mahali ambapo wiki moja kabla yake palikuwa majani na miti, palikuwa mji. Lakini mji usio na kisima, usio na choo, usio na njia.

Mahali pale paliitwa Benaco, jina lililotokana na kampuni ya kujenga barabara iliyokuwa na kituo chake hapo zamani. Palikuwa na ziwa dogo, na kwa ajili ya ziwa lile watu waliwekwa pale. Siku za kwanza maji yale yale ya kunywa ndiyo yaliyokuwa ya kuogea na ya kufulia. Nao ulikuwa wakati wa masika. Kila mvua iliponyesha iliosha uchafu wa vilimani na kuuteremsha bondeni.

Sasa naomba tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa huruma isiyojua hesabu hupotea njia. Kiko kitabu cha kanuni za misaada kiitwacho Sphere, kilichotokana na mashauri yaliyoanza mwaka 1997, baada ya watu kutafakari makosa ya miaka ile. Kanuni zake zasema kwamba mtu mmoja apate kwa uchache lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, za kupikia na za kujisafisha. Kwamba bomba moja lihudumie watu 250. Kwamba mtu asiende zaidi ya mita 500 kutafuta maji. Na kwamba choo kimoja kitumiwe na watu 20, ingawa katika siku za kwanza za msiba huvumiliwa watu 50. Bomba likitoa lita saba na nusu kwa dakika, kwa saa nane latoa lita 3,600. Mkiwagawia watu 250, kila mmoja apata lita 14 na kitu. Basi mwaona ya kuwa hesabu ile haikutungwa ovyo. Imepimwa na maji yenyewe.

Watu 250,000 wahitaji karibu lita milioni nne kila siku, na hata kwa hesabu ile ya kuvumilia wahitaji vyoo 5,000. Na sisi tulikuwa kumi na wawili wenye makoleo mawili.

Hata hivyo Benaco haikupatwa na maangamizi makubwa tuliyoyaogopa. Kuhara damu kulikuwako, na watoto walikufa. Sitaki kupunguza msiba wao. Lakini ziwa lililindwa, mashine za kuvuta maji zililetwa, matangi yakasimamishwa, na maji yakatiwa dawa ya klorini. Haya hayakutokea kwa bahati. Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, wakimbizi wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuingia kwetu. Kwa hiyo Msalaba Mwekundu na vyama vingine vilikuwa tayari katika nchi ile, vyenye akiba na watu waijuao kazi. Ndugu zangu, likumbukeni neno hili, kwani nitalirudia: waliookoa watu wengi ni wale waliokuwa tayari kabla ya kuitwa.

Sasa nije kwenye kosa letu. Kikundi chetu kilipewa sehemu moja ya kambi, tuchimbe vyoo. Tulichimba kwa siku tisa, mikono ikatoka malengelenge, tukamaliza mashimo ishirini na manne. Tuliyapanga mstari mmoja kando ya njia kubwa, kusudi gari la mbao lifike kwa urahisi. Tulipomaliza tulipiga picha, tukaandika hesabu yetu katika daftari, tukajisifu. Wiki moja baadaye nilipita pale asubuhi nikaona njia ya kwenda vyooni imeota majani. Wanaume wachache waliingia. Wanawake na watoto hawakuingia kabisa. Walikuwa wakienda gizani kwenye majani, upande wa juu wa bonde, na mvua ikafanya kazi yake.

Nilikasirika. Nikamwendea mama mmoja mzee aliyekuwa akiheshimiwa na majirani zake. Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao husikilizana, basi hatukuhitaji mkalimani. Nikamwambia, "Bibi, tumewachimbia vyoo, mbona hamvitumii?" Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, umechimba vizuri. Lakini ungemwuliza mama yako kabla hujachimba, angekuambia kwamba mwanamke haingii mahali ambapo wanaume wote wa njiani wamwona akiingia. Na usiku walevi hukaa pale. Na shimo lenu ni pana. Mtoto wangu wa miaka mitatu ataanguka."

Yalikuwa maneno matatu tu, na kila moja lilikuwa kweli. Jioni ile sikula.

Kesho yake tulimwomba yule bibi atuchagulie wanawake sita. Walitembea nasi, wakatuonyesha mahali palipo mbali na njia, lakini karibu na mahema, ili mtu akipiga kelele asikiwe. Wakataka vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, viwe na ukuta wa majani, na mashimo ya watoto yawe madogo. Wanaume wa kambi wakachimba wenyewe, sisi tukaleta mbao na kamba. Kila choo kikapewa jamaa zake, nao wakakifagia. Kazi ile ilichukua siku tano, na vyoo vilikuwa kumi na sita tu, vichache kuliko vile vya kwanza. Lakini vilitumiwa, na majani ya juu ya bonde yakaanza kusimama tena.

Tangu siku ile nimejua kwamba mtumishi wa hiari asiyeuliza huwachosha watu kwa wema wake. Mkimbizi amepoteza nyumba na shamba. Akili yake hakuipoteza. Waganga, walimu, mafundi na wakunga walikuwa humo kambini wamekaa chini ya turubai, wakitutazama sisi tukihangaika kufanya vibaya kazi waliyoijua vizuri.

Nanyi msidhani kwamba somo hili ni la Ngara peke yake. Mwaka 1971, vita vilipotokea katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, wakimbizi wapatao milioni kumi waliingia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliwaangusha watu hata hospitali ikajaa, na wagonjwa wakalala sakafuni katika matapishi. Dawa ya wakati ule ilikuwa maji ya chumvi yaliyotiwa katika mshipa kwa sindano, nayo yalikwisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaagiza chumvi, magadi na sukari ya glukosi vipimwe na kutiwa katika mifuko, kisha vikorogwe na maji safi katika mapipa. Wauguzi hawakutosha, kwa hiyo akawafundisha jamaa za wagonjwa, mama na dada na mume, wachote kwa kikombe wamnyweshe mgonjwa wao polepole, bila kuacha. Kabla ya hapo, katika wagonjwa mia walikufa wapatao thelathini. Wale walionyweshwa hivi, katika mia walikufa chini ya wanne. Waganga wengi ulimwenguni hawakuamini, mpaka miaka ilipopita. Daktari yule alifariki mwaka 2022, na maji yale sasa yajulikana katika kila zahanati yetu.

Tazameni basi: aliyeokoa alikuwa mganga mwenye elimu, na pamoja naye mama asiyejua kusoma, aliyeshika kikombe usiku kucha. Mmoja pasipo mwenzake asingefaulu.

Na somo jingine lilitoka kwa jirani zetu wa Malawi, walipowapokea wakimbizi wa Msumbiji. Maji ya bombani yalikuwa safi, na watoto waliendelea kuhara. Kwa nini? Walipochunguza mwaka 1993 katika kambi ya Nyamithuthu, waliona ya kuwa maji yaliharibika baada ya kuchotwa: ndoo ilikuwa wazi, na kila mwenye kiu alitumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake. Nyumba nyingine zikapewa ndoo yenye kifuniko, mdomo mwembamba na mahali pa kumiminia, mkono usiweze kuingia. Kuhara kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika nyumba zile kukapungua kwa karibu theluthi moja. Ndoo ile haina fahari yo yote. Hakuna atakayepiga picha karibu nayo. Lakini nawaambia, ningepewa kuchagua kati ya gari jipya na ndoo elfu zenye vifuniko, ningechagua ndoo.

Yawapasa pia kusikia jinsi mambo yanavyokuwa mahali ambapo hakuna aliyejitayarisha. Katikati ya Julai 1994, miezi miwili na nusu baada ya Rusumo, watu zaidi ya nusu milioni walivuka mpaka kwa siku chache na kuingia Goma, upande wa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Jembe halikupenya, choo hakikuchimbika, wala kaburi. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu, na wengine waliwekwa mbali na maji yo yote, mpaka magari yawaletee. Kipindupindu kikaingia kabla ya mwezi kwisha. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kuhara, ugonjwa ambao kikombe cha maji ya chumvi na sukari huweza kuushinda. Ndugu za wale waliovuka Rusumo walikufa kwa kukosa lita chache za maji na mtu wa kuwanywesha.

Hapa liko swali ambalo sipendi kulikwepa, kwa maana najua baadhi yenu mmelishika moyoni. Katika makambi yale walikuwamo wauaji. Viongozi waliosimamia mauaji nchini mwao walivuka pamoja na watu wao, wakajifanya tena wakubwa kambini. Mtu mmoja aliniuliza usoni pangu, naye ndugu zake waliuawa: "Mwalimu, kwa nini wamchotea maji aliyemwua dada yangu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo silisemi kwa wepesi. Nilimwambia hivi: kipindupindu hakiulizi hatia ya mtu, na katika kila mahema kumi watoto ni wengi kuliko watu wazima wenye hatia. Hukumu ina mahali pake. Na kweli, Novemba mwaka ule Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu wakubwa wa mauaji yale, nayo ilifanya kazi Arusha hata mwisho wa mwaka 2015. Mchota maji si hakimu. Lakini nilimkubalia jambo moja, nalo ni kubwa. Mwanzoni chakula na vitu viligawiwa kwa mikono ya viongozi wale wale waliotoka Rwanda, kwa sababu ilikuwa njia rahisi. Walizidisha hesabu ya watu wao, wakauza ziada, wakamnyima asiyewatii. Kwa njia hiyo wema wetu uliwatia nguvu. Tusiseme basi kwamba mtoaji hana dhambi madhali ametoa. Mtoaji aangalie ndoo yake inapita mikononi mwa nani, na kila nyumba ipokee yenyewe, mbele ya macho ya watu.

Wala tusiwasahau wenyeji. Watu wa Ngara waliwapokea wageni waliokuwa wengi kuliko wao wenyewe. Miti yao ilikatwa kwa kuni, mashamba yakakanyagwa, mbuzi wakaibwa, visima vikakauka. Mgeni siku ya kwanza hupewa wali. Lakini mgeni wa miaka miwili ni mzigo hata kwa mwenye moyo mkunjufu. Kikundi kizuri cha wahudumu huchimba kisima kimoja kambini na kingine kijijini, la sivyo chuki hukua mahali pa shukrani.

Mtasema hayo yamepita. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Lakini mwaka 2015, matata yalipotokea Burundi, watu makumi ya maelfu walijaa katika kijiji cha wavuvi cha Kagunga, mkoa wa Kigoma, mahali palipobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Barabara ya gari haikuwako. Meli ya kale Liemba ndiyo iliyowachukua kidogo kidogo hata Kigoma, na kutoka huko wakaenda kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikatokea tena. Watu maelfu wakaugua, na wapatao thelathini wakafa. Pigeni hesabu wenyewe: Goma 50,000, Kagunga thelathini. Watu hawakuwa sawa kwa wingi, wala mahali hapakufanana, lakini elimu iliyopatikana kwa misiba ya kwanza haikupotea bure. Thelathini nao ni wengi. Kila mmoja alikuwa na mama.

Sasa nafikia neno lililonileta. Nimesikia ya kwamba kamati ya Yubile inashauriana juu ya kumbukumbu. Wengine wataka jiwe lenye maandishi, wengine wataka kengele. Sisemi neno baya juu ya jiwe wala kengele. Lakini naomba ruhusa kuleta shauri la tatu.

Kila mtaa uchague watu kumi, na wasiopungua watano wawe wanawake. Wafundishwe mambo manne. Kwanza, kutia klorini katika maji kwa kipimo, na kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Pili, kuchagua mahali pa choo na kukijenga, baada ya kuwauliza watakaokitumia. Tatu, kutengeneza maji ya kumnywesha mwenye kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nne, kuandika hesabu ya kweli: watu wangapi, mabomba mangapi, wagonjwa wangapi leo na wangapi jana. Kisha tuwe na ghala moja dogo, lenye ndoo mia tatu za vifuniko, makoleo, kamba na sabuni, na ufunguo wake uwe kwa watu wawili wanaojulikana. Wakati hakuna wakimbizi, watu wale wafanye kazi hiyo hiyo katika vijiji vyetu, kwa maana hata kwetu viko visima vilivyo wazi na shule zisizo na vyoo vya wasichana. Na mafuriko yakija, sisi wenyewe twaweza kuwa ndio wenye kuhama.

Najua shauri hili halina uzuri wa kutazamwa. Jiwe litasomwa na wageni miaka hamsini. Ndoo zitapasuka na makoleo yatapinda. Lakini ile siku daraja litakapojaa watu tena, nani kati yetu atawapelekea jiwe?

Yule bibi wa Benaco sikumwona tena baada ya makambi kufungwa. Alipokuwa akiniaga aliniambia nisiache kuuliza kwanza. Nimelichukua neno lake miaka hii yote, nami leo nawakabidhi ninyi vijana, kwa kuwa mikono yangu imechoka na yenu ingali na nguvu. Ulizeni kwanza, hesabuni kwa kweli, funikeni ndoo. Na muwe tayari kabla ya kuitwa.